Niliacha Kula, Wakalaumu Mbio

Grupu letu la kukimbia pale Bofa lilianza na wasichana kumi na mmoja. Leo tumebaki wanne. Hakuna aliyevunjika mguu, hakuna aliyeolewa akakatazwa, hakuna aliyehama Kilifi. Ilikuja klipu tu. Dakika moja na nusu, dada mwenye ngozi inayong'aa amesimama mbele ya friji limejaa maembe yaliyokatwakatwa, anasema mwanamke hakuumbwa kwa mazoezi makali. Ati ukikimbia sana au ukinyanyua vyuma, mwili unamwaga homoni ya stresi, kotisoli, na hiyo kotisoli ndiyo inakupa kitambi, ndiyo inakuvimbisha uso, ndiyo inakufunga kizazi. Mwanamke atembee polepole. Ajinyooshe. Apumue. Na chini ya klipu, namba ya kuagiza vidonge.

Wiki hiyo hiyo wawili wakaaga. "Samahani wadada, homoni zangu tayari ziko vibaya." Wa tatu mamake aliiona klipu kabla yake. Waliobaki waliacha kuja bila kusema, unajua vile watu hutoka kwenye kitu: leo mvua, kesho mgeni, keshokutwa kimya.

Naandika nikiwa na hasira, nawaambia mapema. Sina digrii ya udaktari wala ya kitu chochote. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na karatasi ya mwisho niliyopewa yenye jina langu ilikuwa ya deni la karo. Lakini bando ninalo, na nimezisoma tafiti ambazo hawa watu huzitaja bila kuzifungua.

Tuanze na mshtakiwa mwenyewe. Kotisoli hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Amri inatoka kwenye ubongo: haipothalamasi inaiambia tezi ya pituitari, pituitari inatuma ujumbe kupitia damu, na kotisoli inaingia kazini. Kazi yake kubwa ni kutafuta nishati. Inaliambia ini litoe sukari, inafungua akiba ya mafuta, ikibidi inavunja hata misuli. Pia inatuliza uvimbe na kusaidia presha isianguke. Mtu ambaye mwili wake hauitengenezi haishi kwa amani kama mnavyoahidiwa. Anaugua, na asipotibiwa anakufa.

Na inapanda kila siku, umekimbia hujakimbia. Usiku wa manane iko chini kabisa. Kabla adhana ya alfajiri haijasikika imeshaanza kupanda, na nusu saa hivi baada ya kufungua macho iko kileleni. Yaani yule dada akiamka tu, hata mswaki hajagusa, kotisoli yake iko juu.

Mazoezi makali huipandisha pia. Sikatai. Utafiti mmoja unaotajwa sana ni wa mwaka 2008, wa Hill na wenzake huko Marekani. Waliwafanyisha watu mazoezi ya dakika 30 kwa viwango vitatu: asilimia 40, 60 na 80 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni. Kwenye 40 kotisoli ilishuka. Kwenye 60 ikapanda, kwenye 80 ikapanda zaidi. Basi, hapo ndipo wanapochota: ona, mazoezi mepesi yanashusha, makali yanapandisha, dada kaa chini.

Sasa ngoja nikuambie waliopimwa walikuwa kina nani. Wanaume 12. Hakuna mwanamke hata mmoja.

Wanaume kumi na wawili walipanda kotisoli, na anayeambiwa akae nyumbani ni msichana wa Mnarani. Pale mtaani kwetu kuna jimu ya vijana, vyuma vyake ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji na bomba katikati. Wanajipiga pale jioni nzima, wananguruma, wanatapika wakicheka. Sijaona klipu ya kuwaonya kuhusu homoni zao. Wao kotisoli ikipanda ni uanaume. Na baada ya saa chache, kwao kama kwetu, inashuka. Hiyo sehemu ya kushuka huwa haiingii kwenye klipu ya dakika moja na nusu.

Lakini mimi pia nilikuwa na hadithi ya kuwapa ushahidi, na walinitumia. Mmoja aliandika kwenye grupu: "Si hata wewe siku zako zilipotea ulipoanza kukimbia?" Ni kweli. Nilikuwa nimewaambia mwenyewe. Wacha niieleze yote basi, maana waliishika mkia wakaacha kichwa.

Mwaka ule nilioacha chuo nilikuwa nalipwa shilingi 300 kwa makala moja, kuandikia tovuti za watu ambao sitawahi kuwaona, kuhusu mazulia na bima ya magari ya nchi ambazo sitawahi kufika. Naandika hadi saa nane usiku. Saa kumi na moja na nusu niko barabarani. Nilikuwa nakimbia kilomita kumi, siku sita kwa wiki, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa naanza na kukimaliza. Mkufunzi wa jimu moja, ambaye sikuwa hata namlipa, akaniambia nikitaka mwili wa mkimbiaji niache wanga. Usile sima, usile mkate, usile viazi. Nikamsikiliza haraka, maana ushauri wake ulifanana na mfuko wangu. Na tusidanganyane, nilipenda pia vile kiuno kilikuwa kinapungua. Watu walinisifu. Asubuhi chai ya rangi na mahamri mawili, mchana maji, jioni sima kidogo na mchicha. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu.

Hedhi ikaruka mwezi wa kwanza. Kufikia mwezi wa saba nilikuwa nimezoea. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana, nilikuwa nasikia baridi Kilifi, Kilifi jamani, mwezi wa pili. Nikaenda zahanati. Wakanipima mimba. Nikarudi baada ya wiki tatu, wakanipima mimba tena. Mara ya tatu wakaniambia ni stresi, punguza mbio. Hakuna aliyeniuliza nakula nini.

Aliyeuliza ni hawe, nyanya yangu mzaa mama, alipotoka Ganze kuja kutusalimia. Hata hakuuliza, alinitazama nikila. Nilipoosha mikono akasema, "Mjukuu wangu, hata punda wa maji hupewa majani." Akanisukumia sahani yake.

Nilikasirika. Baadaye, usiku, badala ya kuandika kuhusu mazulia nikaanza kusoma. Na nikakuta kwamba swali la hawe lilishajibiwa kwenye maabara tangu 1998. Mtafiti mmoja wa Marekani, Anne Loucks, na wenzake walichukua wanawake vijana wenye hedhi ya kawaida wakawafanyisha mazoezi mazito. Safari moja walilishwa chakula cha kufidia walichokichoma, safari nyingine hawakufidiwa. Kisha wakapima mapigo ya homoni ya pituitari inayoongoza mzunguko wa hedhi. Mazoezi na chakula cha kutosha: homoni ile ilibaki karibu na kawaida yake. Mazoezi bila chakula: ikavurugika. Siku chache tu zilitosha. Jina la utafiti wenyewe linasema wazi kuwa mkosaji ni upungufu wa nishati, siyo stresi ya mazoezi. Mwaka 2003 Loucks akarudi na mwenzake, wakaonyesha mahali mambo yanapoanza kuharibika: nishati inayobaki ikishuka chini ya kalori 30 hivi kwa kila kilo ya mwili, mafuta yakiwa hayajahesabiwa.

Nikajipigia hesabu. Mwili wangu bila mafuta, tuseme kilo 38. Mara 30, ni kalori 1,140, na hizo ni za kubaki baada ya kutoa zilizoungua njiani. Kilomita kumi kwa uzito wangu zilikuwa zinakula kama 500. Kwa hiyo nilihitaji 1,640 ili nifike mlangoni tu, sijaingia ndani. Chai ya rangi na mahamri mawili. Unaona.

Mwili haukuwa umeharibika. Ulikuwa umefunga duka. Hakuna cha kulisha mtoto hapa, basi tusifungue idara hiyo mwezi huu. Na kotisoli? Wanawake wanariadha waliopoteza hedhi hupatikana kweli na kotisoli ya juu. Lakini kumbuka kazi yake ni kutafuta sukari. Usipoileta sukari kwa sahani, itaifuata ilipo. Ukimkuta mtoto anapekua makabati jikoni, utamchapa kwa kupekua, au utauliza kama amekula?

Hali hii ina jina. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa jina rasmi mwaka 2014, upungufu wa nishati unaohusiana na michezo, na ikasema wazi kuwa wanaume pia inawapata. Inagusa hedhi, mifupa, kinga, moyo, hasira zako. Estrojeni ikishuka muda mrefu mifupa inakonda, na ndiyo unasikia msichana wa miaka 20 amevunjika mfupa wa mguu bila kuanguka. Hapa kwetu Kenya kuna utafiti uliochapishwa 2016 juu ya wasichana wakimbiaji ambao bado ni matineja. Upungufu wa nishati na hedhi kuvurugika ulikuwa mkubwa kwao kuliko kwa wenzao wasiokimbia. Hao ni wale tunaowapigia makofi wakivuka utepe.

Kwa hivyo hapa nitawapa wapinzani wangu kipande chao, maana wanacho. Mazoezi makali juu ya njaa na usiku wa saa tatu za kulala yanaumiza. Mtu anayekimbia kila siku hapumziki, mapigo ya moyo yanapanda hata akiwa ameketi, usingizi hauji, anaumwa mafua kila mwezi, huyo apunguze. Na ukikaa miezi mitatu bila hedhi na huna mimba, nenda kwa daktari, umwambie unakula nini hata asipouliza. Haya yote ni kweli. Lakini angalia vile ukweli huu unavyosema "kula" na "lala", halafu angalia vile klipu inavyosema "usikimbie" na "nunua". Kati ya hizo sentensi mbili ndipo pesa ilipo.

Nitawataja wote wawili pamoja, kwa sababu wanajifanya maadui na wanakula meza moja. Yule mkufunzi anayekwambia acha sima, siku thelathini, utoe kitambi kabla ya Krismasi. Na yule dada wa friji anayekuja mwezi wa pili, umeshaharibika, kukuuzia utulivu kwa chupa. Wa kwanza anakunyima chakula, wa pili anakunyima mazoezi. Hakuna kati yao anayekuambia ongeza sahani. Sahani haina kamisheni.

Na ule "uso wa kotisoli"! Uso wa mviringo kama mwezi upo, ni dalili ya ugonjwa wa Cushing, au ya mtu aliyemeza dawa kama prednisolone kwa muda mrefu. Haupatikani kwa kukimbia kutoka Bofa hadi Mnarani. Rafiki yangu mmoja alikwenda maabara akalipa doo zake kupimwa kotisoli kwenye damu, ikatoka juu, akalia. Anatumia tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni. Estrojeni huongeza protini inayobeba kotisoli kwenye damu, kwa hiyo jumla inasomeka kubwa hata kama ile iliyo huru, inayofanya kazi, iko sawa kabisa. Hakuna aliyemwambia. Amekunja viatu vyake akaviweka chini ya kitanda.

Hii siyo mara ya kwanza. Mwaka 1928, Olimpiki ya Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kukimbia mita 800. Magazeti yakaandika kuwa walianguka hoi, kwamba mwili wa kike hauwezi umbali huo. Mbio hizo zikaondolewa, na hazikurudi hadi Roma mwaka 1960. Marathoni ya wanawake ikasubiri hadi Los Angeles, 1984. Miaka kumi tu baadaye Tegla Loroupe akashinda New York, Mwafrika wa kwanza mwanamke. Zamani walisema kizazi kitaanguka. Nyanya zetu waliambiwa hivyo hivyo kuhusu baiskeli. Leo kizazi kimekuwa neno la kizamani, basi wamelitafutia jina la maabara. Sitawatajia Faith Kipyegon, aliyejifungua 2018 akarudi kuchukua dhahabu nyingine mbili za Olimpiki za mita 1500, maana mtaniambia yule ni Kipyegon. Sawa. Tumwache.

Tumzungumzie mama wa Ganze. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, kichwani, jua la saa sita, kiangazi. Tuwazungumzie wanaobeba chumvi kule Gongoni na Marereni, miguu kwenye maji ya chumvi mpaka ngozi inapasuka. Wanaovunja kokoto kwa nyundo huku mtoto amelala chini ya mwavuli. Moyo wa hao unapiga juu ya asilimia 60 ya kitu chochote unachotaka kupima. Mbona hakuna anayewakimbilia na klipu? Mbona hakuna mzee wa boma aliyesimama akasema, jamani, kotisoli ya wake zetu, vijana shikeni mitungi? Jasho la mwanamke linakuwa hatari kwa homoni siku tu linapomtoka kwa hiari yake.

Na sisemi kazi ile ni mazoezi mazuri. Ni kazi ngumu, chakula ni kidogo, na mapumziko hayapo. Ni yale yale yaliyonipata mimi, ila wao hawana pa kuyaacha. Lakini kujitahidi kwenyewe mwili wa kike unakujua. Kule Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, Wahadza bado wako wanaoishi kwa kuchimba mizizi na kuwinda. Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vyao mwaka 2012. Wanawake walikuwa wakitembea karibu kilomita 6 kwa siku, mbali na kuchimba. Cha kushangaza, ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nishati wanayotumia kwa siku haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Pontzer anaona kuwa mwili unaofanya kazi hubana matumizi kwingine, ikiwemo kwenye uvimbe na kwenye kupaniki na kila kitu. Hiyo ni nadharia yake na wengine wanabishana nayo. Mimi naitaja kwa sababu moja: inawezekana kabisa kuwa mwili usioshughulishwa ndio wenye muda wa kulea stresi.

Mnataka kujua nini hunipandishia kotisoli mimi? Nikitoka nyumbani navaa leso juu ya taitsi mpaka nifike mchangani, ndipo naifunga kwenye mnazi. Kati ya mlango wetu na ule mnazi ni mita 700. Kuna stendi ya boda. "Sista, nani anakufukuza?" "Sista, punguza, utamaliza yote." Kuna mmoja huwasha pikipiki akaja polepole nyuma yangu, haongei, taa imezimwa. Nikifika kwenye mchanga moyo unapiga kuliko utakavyopiga kwenye kilomita ya nane. Malindi ni hivyo hivyo, nimekimbia pale Silversands. Mtalii wa Kiitaliano anapita na kaptula yake hakuna anayemuuliza chochote. Kodi ya nyumba hunipandishia. Mteja anayesema atalipa Ijumaa hunipandishia. Kilomita ya nane ndiyo hunishusha.

Nilirudi kula. Siyo kwa siku moja, na nilikopa kwa mangi wa duka hadi akaanza kujificha akiniona. Nilipunguza mbio hadi siku nne, nikaanza kulala kabla ya saa tano, nikawaachia wengine bima ya magari. Hedhi ilirudi mwezi wa nne. Nilikuwa Watamu, kwenye matatu, nikacheka peke yangu mpaka kondakta akaniuliza kama niko sawa.

Siku hizi Jumamosi tunabeba chakula. Mmoja analeta mbaazi za nazi kwenye hotpoti, mwingine mahamri, mimi viazi karai kwa sababu mwenye kuviuza ananijua. Tunakimbia kilomita nane, mbili kati ya hizo kwa nguvu zote, tunatapatapa kama samaki. Halafu tunakaa chini ya mnazi wenye leso nne na tunakula mpaka hotpoti inakwanguliwa. Jumamosi iliyopita yule wa maabara alikuja. Hakuvaa viatu vya kukimbia, alisema amekuja tu kwa mbaazi. Tukamwambia aketi.